Albamu mpya imegawanya wachambuzi? Jinsi ya kuisikiliza na kuamua mwenyewe ukiwa Chuga au Moshi

Oya wadau, hii naiandika kwa ajili yetu wachache wa Arusha na Moshi tunaopenda bendi za pop rock, Coldplay, Imagine Dragons, Maroon 5, OneRepublic na wenzao, maana kila ikitoka albamu mpya kinachotokea ni kile kile. Asubuhi mtu kasoma mahali kwamba gazeti la Uingereza limeipa nyota mbili, mchana mwingine anakuja na gazeti lingine limeipa nne, jioni ubishi umepamba moto kijiweni na ukiwauliza vizuri unakuta nusu yao albamu yenyewe hawajaisikiliza, wanaijua ngoma moja tu ile iliyotangulia kutoka. Mimi hii kitu inaniuma kwa kweli. Watu wamekaa studio muda mrefu, wewe umenunua bando kwa hela ya jasho lako, alafu mtu ambaye hata hamfahamiani ndo akuamulie kama umependa au hujapenda, haiji kabisa.

Kwaiyo naweka hapa namna ya kufanya. Mfano wangu mkubwa utakuwa Moon Music ya Coldplay, iliyotoka tarehe 4 Oktoba 2024, kwa sababu wachambuzi waligawanyika haswa, na pia kwa sababu ndani yupo Burna Boy na yupo Ayra Starr, yani hata mshkaji ambaye maisha yake yote ni Bongo Fleva na Afrobeats ukimuwekea anatulia kidogo asikilize. Ila njia hii inafanya kazi kwa albamu yoyote ile.

Jambo moja la kushika toka mwanzo: wachambuzi wakigawanyika maana yake kuna kitu wanakigombania. Kazi yako ni kujua ni kitu gani, alafu ujiulize na wewe kinakuhusu au hakikuhusu.

ANZA KWA KUIPATA NZIMA NA KWA MPANGILIO WAKE

Hapa ndo watu wengi wanapoharibu kabla hata hawajaanza. Ukirushiwa nyimbo kwenye kile kibanda pale stendi, au mshkaji akikutumia moja moja, zikifika kwenye memori kadi simu nyingi zinazipanga kwa alfabeti. Sasa angalia kinachotokea kwa Moon Music. Ina nyimbo 10. Wenyewe walivyoipanga inaanza na wimbo unaobeba jina la albamu, taratibu, kinanda na zile sauti za kuelea walizofanya na Jon Hopkins, mtayarishaji wa muziki wa kielektroniki, unaingizwa ndani polepole, ndo inafuata feelslikeimfallinginlove, alafu We Pray, na mwisho kabisa wanafunga na One World, ndefu, tulivu. Kwenye memori kadi, ukiuacha ule wa 6 ambao jina lake ni picha tu, mambo yanakuwa hivi: ya kwanza inakuwa Aeterna, ambayo ni ya kuchezeka na wenyewe waliiweka ya 8, ya pili All My Love, ile ya kufungulia albamu inatupwa huko katikati baada ya Jupiter, One World inakuwa siyo ya mwisho tena, na ya kufunga inakuwa We Pray yenye kurap na watu watano kwenye maiki. Mtu anasikiliza hivyo alafu anakwambia albamu haina mwelekeo. Mwelekeo ulikuwepo, yeye kaukuta umeshavurugwa.

Dawa yake ni rahisi. Kama una faili, zibadilishe majina uweke namba mbele, 01, 02, 03 mpaka mwisho, kazi ya dakika tano tu. Kama unatumia apu, Spotify ipo Tanzania tangu 2021, Boomplay na Audiomack nazo zipo, tafuta albamu yenyewe, usitafute wimbo, alafu hakikisha ile alama ya kuchanganya nyimbo imezimwa, iangalie kwa macho yako maana mara nyingi inakuwa imewashwa na hujui.

Kuhusu bando watu wanaogopa bure. Muziki wa ubora wa kawaida wa 128 kbps unakula karibu MB 1 kwa dakika, kwaiyo albamu ya dakika arobaini na kitu ni kama MB 42 hivi, na ukienda ubora wa juu wa 320 kbps ni kama MB 105. Video ndo zinakumaliza. Daunlodi usiku kwa bando la usiku, uiweke kwenye simu, uisikilize mara ngapi unataka bila kuungua tena.

Na ubora wenyewe usiudharau. Faili ambalo limebanwa, likabanwa tena, likapita kwenye simu sita ndo likakufikia, matoazi ya drams yanasikika kama mchanga na sauti ya nyuma inapotea kabisa. Alafu utasoma mchambuzi anasifia jinsi sauti zilivyopangwa tabaka kwa tabaka na utamwona mwongo, kumbe wewe hizo tabaka hazikukufikia.

Neno kuhusu sabufa. Najua kila nyumba ina sabufa na najua besi imefunguliwa mpaka mwisho, ndivyo tunavyopenda. Ila Moon Music kaisimamia Max Martin, yule Mswidi aliyefanya kazi na Britney Spears, Backstreet Boys, Taylor Swift na The Weeknd, huyu kila kitu anakisukuma mbele kwa nguvu tayari, kwaiyo ukiongeza besi yako juu ya ya kwake sauti ya Chris Martin, mwimbaji wa Coldplay, inazama na kinanda kinabaki kama hakipo. Rudisha besi katikati kwa siku hiyo tu. Au tumia hedfoni za waya, hata za bei ya chini pale sokoni Kilombero, ziko poa kuliko spika ya simu.

MARA YA KWANZA: USISOME KITU, USIRUKE KITU

Siyo kwenye kifodi. Nasema hivi kwa sababu najua wengi ndo wanapopatia muda wa kusikiliza. Umetoka Ngaramtoni unaenda mjini, konda anagonga bodi, dereva naye kaweka singeli yake, wewe una hedfoni unasikiliza wimbo wa kwanza wa albamu ambao kwa dakika nzima ni kinanda na pumzi tu. Hutasikia chochote, utasema umeanza vibaya, utaruka. Tafuta muda wa saa nzima usiku watu wakiwa wamelala au Jumapili mchana baada ya ibada, ukae.

Chukua karatasi. Simu isiwe ya kuandikia, maana ukishaishika utafungua kitu kingine. Andika vitu vitatu tu: wapi ulitamani kurudisha nyuma, wapi ulitamani kuruka, na baada ya kumaliza kimebaki kipande gani kinaimba chenyewe kichwani. Usiandike maksi. Maksi za mara ya kwanza ni za mshangao, zinadanganya pande zote mbili.

Mara ya pili iwe siku nyingine, na mara ya tatu isikilize kwenye maisha ya kawaida, unaosha vyombo, unapiga pasi, unatembea kutoka Sakina mpaka Mianzini. Pop rock imetengenezwa kwa ajili ya maisha hayo na ni haki kuipima huko pia. Kuna nyimbo ambazo ukikaa ukazikazia macho zinaonekana nyepesi, ila ukiwa unafanya kazi zinakubeba, na kuna nyingine mara ya kwanza zilikurusha kwenye kiti na mara ya tatu umeshazichoka. Vyote viwili viandike.

SASA NDO USOME WACHAMBUZI, ILA JUA MAKSI ZAO ZINATOKA WAPI

Wengi wanaangalia namba ya Metacritic. Ile ni tovuti inayokusanya wachambuzi wengi, inageuza maksi zao kuwa kwenye 100, alafu inatoa wastani, na magazeti mengine yanapewa uzito kuliko mengine. Kwa muziki, 61 mpaka 80 inahesabika imepokelewa vizuri kwa ujumla, 40 mpaka 60 ndo maoni mchanganyiko. Sasa shida ya wastani ni hii. Chukua albamu mbili, ya kwanza wachambuzi 10 wote wameipa 60. Ya pili watano wameipa 90 na watano wameipa 30. Zote mbili zinakuja na 60! Ile ya kwanza ni albamu ya kawaida ambayo hakuna aliyeichukia wala aliyeipenda, na ile ya pili ni albamu ambayo inaweza kuwa ya maisha yako yote au ukaitupa kwa wimbo wa tatu. Namba moja, vitu viwili tofauti kabisa. Kwaiyo usiishie kwenye namba kubwa pale juu, shuka chini uone zimesambaaje.

Alafu nyota. The Guardian na magazeti mengi ya Uingereza yanatoa nyota kwenye 5. Nyota 3 ikigeuzwa inakuwa 60, yani tayari iko kwenye kundi la mchanganyiko, wakati mchambuzi mwenyewe ukimsoma unakuta kasema albamu nzuri tu, ina nyimbo nne kali na nyingine za kawaida. Pitchfork wao wanatoa kwenye 10 mpaka na nukta. Kila nyumba na mizani yake.

Kitu kingine, mchambuzi ana tarehe ya mwisho ya kukabidhi kazi. Mara nyingi anapewa albamu siku chache kabla haijatoka na anatakiwa awe ameshaandika siku inapotoka. Simlaumu, ndo kazi yake na wengine wana masikio makali sana, ila ujue yeye anaandika kutoka kwenye ile wiki ya kwanza, na wewe huna haraka hiyo.

TAFUTA WANAGOMBANIA NINI

Hii ndo sehemu ya muhimu kuliko zote hapa kwaiyo nitakaa nayo.

Chukua wachambuzi wawili, mmoja aliyeipenda na mmoja aliyeichukia, ukiweza wale wa mbali kabisa. Soma wote mpaka mwisho. Kila malalamiko na kila sifa iandike kwa maneno yako mafupi. Utashangaa, mara nyingi wanazungumzia kitu kile kile! Kwenye Moon Music aliyeipenda anasema ina upendo, ina matumaini, inakukumbatia, aliyeichukia anasema upendo na matumaini mpaka inachosha, maneno ya jumla jumla yasiyomgusa mtu. Wote wamesikia kitu kimoja. Wanatofautiana kama muziki unatakiwa ufanye hivyo au usifanye.

Alafu jiulize, huyu anailinganisha na ipi? Hili swali linafungua milango. Coldplay walianza na Parachutes mwaka 2000, wakaja na A Rush of Blood to the Head 2002, magitaa, huzuni, sauti ya mtu anayeimba chumbani kwake. Mchambuzi aliyekuwa kijana wakati ule anaisubiri ile bendi irudi, na kila albamu yenye rangi na mbwembwe anaiona ni usaliti. Mwingine anailinganisha na Everyday Life ya 2019, ambayo walithubutu vitu vingi, mpaka wakamwingiza Femi Kuti na matarumbeta yake kwenye Arabesque, na huyo akisikia Moon Music anaona wamerudi kwenye usalama. Wewe uliyeanza kuwasikia na My Universe waliyofanya na BTS mwaka 2021, hayo maumivu huna, na siyo lazima uyaazime.

Malalamiko yenyewe hayako sawa kwa uzito. Mtu akisema "imezidi kuwa ya kibiashara" hajakwambia kitu, hiyo ipite. Akisema kiitikio kinarudi mara nyingi kabla wimbo haujafika popote, hicho unaweza kukikagua kwa masikio yako, rudi kwenye wimbo uhesabu. Akisema albamu inapoteza nguvu kuanzia wimbo wa sita, weka wimbo wa sita. Kwenye Moon Music huo wa 6 jina lake ni picha ya upinde wa mvua tu, ndani mna sauti ya Maya Angelou, yule mshairi wa Marekani, na ni taratibu mno. Kuna watakaosema hapo ndo albamu imesimama na kuna watakaosema hapo ndo imelala. Mimi niko na wanaosema imesimama, baada ya Good Feelings yenye kuruka ruka ile unahitaji mahali pa kupumua.

Na angalia sana wimbo gani hata mwenye kuichukia ameuacha salama. Hii ni siri nzuri. Music of the Spheres ya Coldplay ya 2021 wachambuzi wengi waliipiga, ila Coloratura, ule wa mwisho wenye zaidi ya dakika 10, hata waliokuwa wamekasirika waliusimamia. Wimbo ambao adui na rafiki wote wanaukubali, huo uanze nao kama una muda mdogo. Na albamu hiyo hiyo iliyopigwa iliingia kwenye kugombea Albamu ya Mwaka ya Grammy, yani wachambuzi wa magazeti na wapiga kura wa tuzo walikuwa wameshika njia mbili. Moon Music nayo, pamoja na maneno yote yale, ilianza ikiwa namba 1 Uingereza na namba 1 kwenye Billboard 200 ya Marekani. Sisemi mauzo yanathibitisha ubora, hayathibitishi, ila yanakwambia kuna watu wengi wamesikia kitu ambacho mchambuzi hakukitafuta.

Habari za pembeni zitenganishe na muziki. Santuri za Moon Music zimetengenezwa kwa chupa za plastiki zilizotumika, kama 9 kwa santuri moja, jambo jema sana na sisi wenye mlima unaopoteza barafu tunalielewa. Ila halifanyi wimbo uwe mzuri wala mbaya.

MANENO YA NYIMBO, HAPA TUWE MAKINI

Lalamiko kubwa kwa bendi kubwa za pop rock karibu kila mara ni mashairi. Mepesi, ya kujirudia, ya jumla. Na sisi Chuga ni mji wa hip hop, kuanzia X Plastaz, Nako 2 Nako, mpaka Weusi, tumelelewa kumpima mtu kwa mistari kwanza na biti baadaye, kwaiyo tukisoma lalamiko hilo tunaitikia haraka.

Subiri kwanza. Zile nyimbo zinaandikwa zikiwa na uwanja kichwani. Ziara ya Music of the Spheres ilianza Costa Rica Machi 2022 ikazunguka dunia, na kwenye viwanja hivyo kuna maelfu ya watu ambao Kiingereza siyo lugha yao, na wote wanatakiwa waimbe kwa pamoja kwa sauti moja. Neno likiwa gumu uwanja unanyamaza. Nilimuwekea We Pray mwalimu mmoja wa kwaya kule Moshi, mtu mzima, bendi yenyewe haijui, akasikiliza kimya mpaka mwisho akasema, "Hawa wanataka watu waitikie, ndo maana hawabadilishi maneno. Kwaya ikianza kubadilisha maneno kila ubeti usharika unakaa kimya unaangalia." Akaomba irudiwe. Mchambuzi aliyesikiliza peke yake na hedfoni zake mezani anaona maneno yamerudiwa, mwalimu wa kwaya anasikia nafasi ameachiwa aingie.

Hapo hapo nisitetee kila kitu. Ukitaka kupima mashairi kwa haki, tafuta mtu anayekijua Kiingereza vizuri, Arusha imejaa watu wanaoongoza watalii kila siku, mkae mpitie wimbo mmoja tu mstari kwa mstari, mseme kwa Kiswahili cha kawaida unasema nini. Mkimaliza ubeti mzima na kilichobaki ni "nakupenda, usiku ni mzuri, twende", mchambuzi alikuwa na haki na umwachie haki yake. Mkikuta kuna mtu, kuna mahali, kuna jambo limetokea, basi hakusikiliza vizuri. Pima wimbo kwa wimbo, usipime albamu yote kwa mkupuo.

IPE MUDA, HISTORIA INASEMA HIVYO

Freddie Mercury, ambaye alizaliwa pale Unguja 1946, alipita haya haya na bendi yake ya Queen. Mwaka 1980 walikuwa na Another One Bites the Dust, ikashika namba 1 Marekani, wakaona njia ya kuchezeka inalipa, 1982 wakatoa Hot Space imejaa fanki na disko. Mashabiki wa magitaa walikasirika, wengine mpaka leo. Lakini albamu hiyo hiyo inafungwa na Under Pressure waliyofanya na David Bowie, na sijakutana na mtu anayeuchukia huo wimbo.

Bendi ya Weezer ndo mfano ninaoupenda kuliko yote. Pinkerton ilitoka 1996, chafu, ya maumivu, tofauti kabisa na albamu yao ya kwanza, wasomaji wa Rolling Stone wakaipigia kura miongoni mwa albamu mbovu za mwaka. Ilipotolewa tena 2010, Pitchfork waliipa 10 kamili. Fleetwood Mac nao, baada ya Rumours ya 1977 kuuza mamilioni kwa mamilioni, 1979 wakaja na Tusk, nyimbo 20, gharama za studio zaidi ya dola milioni moja, watu wakashindwa kuielewa, leo kuna wanaoiweka juu ya zote.

Na inakwenda upande wa pili pia, hili watu wanalisahau. Oasis walipotoa Be Here Now Agosti 1997, Uingereza iliuza nakala 424,000 siku ya kwanza na wachambuzi waliimwagia sifa. Vumbi lilipotulia watu wakaanza kusema nyimbo ni ndefu mno, magitaa yamerundikwa juu ya magitaa, na Noel Gallagher mwenyewe aliyeziandika akaja kuiponda. Kwaiyo albamu ikisifiwa na wote wiki ya kwanza nayo ishike taratibu.

KUSIKILIZA KWA KUNDI

Hii ifanye ukiwa umeshaisikiliza peke yako, siyo kabla. Watu watano au sita wanatosha, sebule ya mtu, chai na maandazi, simu zote kwenye meza moja. Mchague mmoja asiyeijua bendi kabisa, awe dada, mjomba, jirani, maana huyu hana cha kutetea. Sheria ni moja, hakuna kuongea mpaka wimbo wa mwisho uishe. Ni ngumu, watu wa huku tunapenda kubishana wimbo ukiwa unaendelea, ila mtu mmoja akisema "hii mbovu" kwenye wimbo wa pili, wengine wote kuanzia hapo wanasikiliza kwa masikio yake.

Ikiisha kila mtu aandike kwanza nyimbo zake mbili za juu na moja ya chini, ndo mzisome kwa sauti. Mzee au mtu mwenye heshima zaidi pale asome wa mwisho, la sivyo vijana wote watakubaliana naye. Angalieni wimbo ambao mmoja kauweka juu na mwingine kauweka chini, huo urudieni, kila mmoja aonyeshe ni sekunde gani hasa anayoizungumzia. Ubishi wa sekunde ni mtamu na haugombanishi.

MWISHO ANDIKA YA KWAKO

Usiandike "albamu kali sana, hawajawahi kukosea", wala "wameisha hawa". Andika kitu ambacho mtu anaweza kwenda kukikagua. Mfano: "We Pray imenishika kwa sababu Little Simz anaingia na kurap wakati wimbo ulikuwa umeshaanza kuwa wa kanisani, ukabadilika, alafu wanapokezana yeye, Burna Boy, Elyanna na Tini bila kugombania nafasi. All My Love ni nzuri ila nimesikia Coldplay wakipiga kinanda cha namna hii mara nyingi, sikuhitaji nyingine." Unaona, hapo asiyekubaliana nawe ana mahali pa kushika. Sema pia ulianza kuisikia bendi lini na albamu gani ndo yako, ili msomaji ajue umesimama wapi, kile kile ulichokuwa unakitafuta kwa wachambuzi.

Sentensi tano mpaka nane zinatosha. Maksi ukitaka weka, ila chini kabisa, baada ya sababu.

Weka tarehe. Alafu iache albamu kabisa, usiifungue kwa mwezi mzima, sikiliza vitu vingine. Mwezi ukiisha isikilize mara moja tena kwa mpangilio wake kuanzia wa kwanza, usome ulichoandika, na kama mawazo yamebadilika usifute ya mwanzo, andika mapya chini yake na tarehe yake.